Bega la Mbwa Aitwaye Chai

Jumapili iliyopita, baada ya ibada kule Liverpool ya hapa Sydney, binti mmoja wa Kikongo anayefanya kazi kwenye maghala ya Wetherill Park alinishika mkono nikiwa bado na sahani ya wali, akanivuta hadi kwenye maegesho ya magari. Jina lake Furaha. Dadake mdogo alikuwa amekaa kivulini na mbwa mchanga wa rangi ya dhahabu, kamba shingoni, ulimi nje.

"Mzee Mwakio, angalia mbwa yangu. Nilimununua online. Iko muzuri, si ndiyo?"

Nikaiweka sahani juu ya boneti ya gari la mtu. Nikapiga goti, nikampapasa yule mbwa kutoka kichwani hadi mkiani, nikamtembeza hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Kisha nikamwambia Furaha kwamba goti la nyuma la kushoto linateleza, ampeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiyohiyo, na asije akathubutu kumzalisha. Akamchukua mbwa wake akaenda zake, na mimi nikarudi kwenye wali uliokwisha kupoa.

Garini mke wangu Wakesho alinichamba kuanzia Liverpool mpaka mlangoni kwetu. Wakesho ni nesi, hospitalini Westmead wanamjua kwa upole wake, lakini upole huo huuacha kazini.

"Ungesema tu ni mzuri, ungekufa? Mtoto wa watu ametoka double shift, amejinunulia kitu cha kumfurahisha, wewe unamsomea ripoti ya mifupa."

Binti yetu akadakia kutoka kiti cha nyuma, "Dad, that was brutal." Anaelewa Kiswahili chote, hasa kile cha kunisema mimi, lakini kujibu kwake ni Kiingereza.

Sasa nimechoka. Nimechoka kuambiwa nina roho mbaya. Kila wiki kijana mmoja ananiletea mbwa, au picha ya mbwa kwenye simu, na wote wanataka neno moja tu kutoka kwangu, nami neno hilo silitoi. Basi kaeni niwaeleze kwa nini, mara moja tu, halafu mtu asinikere tena nikiwa na sahani mkononi.

Nimefanya kazi na mbwa wa uwindaji karibu miaka ishirini na mitano katika mji huu, zaidi mbwa wanaoitwa seta. Kwa wale msiomjua seta, huyu ni mbwa mrefu mwenye manyoya marefu masikioni, kifuani, nyuma ya miguu na mkiani. Kazi yake ya asili ni kunusa ndege nyasini. Akishaipata harufu anaganda, anajishusha chini, anamwonyesha mwindaji kwamba ndege yuko pale. Habweki wala hakimbilii. Wa Ireland ni mwekundu wa rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na huyo ndiye aliyenitoa jasho maisha yangu yote.

Mnanionea wivu, najua. Mnadhani kazi ilikuwa kucheza na mbwa. Kijana mmoja wa Nairobi aliwahi kuniambia, "Mzee, hiyo job ni poa sana, unalipwa kucuddle tu." Kucuddle! Kukumbatia mbwa! Mbwa kumi na wanne wanakunya kila siku ya Mungu, na mavi hayo hayajifagii. Kila seta mmoja anachanwa nywele saa nzima, na ukiruka siku mbili nyuma ya masikio panafungana mafundo ambayo utayafungua kwa vidole na machozi. Kuna kuosha, kukausha, kukata kucha, kusafisha masikio. Kuna kumkimbiza kila mmoja kando ya baiskeli ili misuli ya mapaja ikae sawa, wewe unatoa ulimi kuliko yeye. Halafu jike akizaa unakaa naye chini sakafuni mpaka mtoto wa mwisho atoke, na hapo kiuno si chako tena.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya kuropoka. Nilikuwa nafanya kiwandani Wetherill Park, napanga mabomba, nikaona tangazo limebandikwa dukani kwamba kuna mfugaji wa mbwa kule Bringelly anatafuta msaidizi mwenye uzoefu. Nikapiga simu nikasema uzoefu ninao. Uzoefu wangu ulikuwa Simba, mbwa wetu wa Voi, aliyekula makombo ya ugali na kumbwekea kila mtu isipokuwa mwizi.

Mwenye mbwa alikuwa mwanamke anayeitwa Doreen. Mrefu, mkavu, kofia ya majani makavu, mdomo mkali kuliko wembe. Alikuwa amewazalisha seta wa Ireland tangu ujana wake, ukoo mmoja, akina bibi wakizaa akina mama wakizaa akina binti. Aligundua uwongo wangu kabla ya saa nne asubuhi, siku ya kwanza, aliponiona namshika mbwa kwa ukosi kama mbuzi. Hakunifukuza. Alisema, "Mikono yako mikubwa na mipole. Kichwa tutakitengeneza."

Sikuweza kumwita Doreen. Mtu wa umri wa mama yangu nimwite jina lake kavukavu? Nikamwita Mama. Akawaka. "Mimi si mama yako, bwana. Doreen. D-o-r-e-e-n." Tulivutana mwaka mzima, mwisho akachoka yeye. Ndiyo mara pekee niliyomshinda.

Makosa niliyoyafanya pale yangejaza gunia. La kwanza la maana lilikuwa la kunyoa. Kulikuwa na shoo kubwa, yaani mashindano ya mbwa, kesho yake, na Doreen alikwenda mjini mchana, akaniambia, "Mtengeneze Rosie awe tayari." Sasa kwetu sisi, siku kubwa ikikaribia, unafanya nini? Unanyolewa. Mtoto haendi kanisani siku ya Krismasi na nywele timtim. Nikachukua mashine, nikamnyoa Rosie manyoya yote marefu, kifuani, miguuni, mkiani, nikamwacha laini, safi, mtoto wa shule siku ya kufungua. Nikamsimamisha barazani nikingoja sifa. Doreen aliporudi alikaa juu ya ngazi, kofia mkononi. Manyoya yale huchukua karibu mwaka kurudi, na kwenye shoo seta bila manyoya yale hana hata sababu ya kushuka garini.

Basi sikilizeni, maana wengine wenu mmefungua saluni za mbwa kwa kutazama video. Seta hapigwi mashine mgongoni. Mashine ni ya koo na sehemu ya juu ya sikio tu, na hata pale unafuata mkondo wa nywele. Kwingineko ni mkasi wa kupunguza, kitana, na subira. Ukipiga mashine mgongoni rangi inafifia na nywele zinaota kama pamba, na msinijie mkilia.

Kosa la pili lilikuwa la adabu, na hili linahusu hasa ninachotaka kuwaambia. Shoo yangu ya kwanza kuingia ulingoni na mbwa, jaji alikuwa mzee mwenye mvi, suti yake nzuri, tai yake. Utaratibu ni kwamba unamsimamisha mbwa, jaji anampapasa, anakuuliza umri wake, unataja umri, unafunga mdomo. Mimi nikaona mzee wa watu amesimama juani, nikaiachia kamba ya mbwa, nikampa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nikamuuliza habari za nyumbani, habari za safari, kama watu wake hawajambo, kama jua halijamchosha. Mzee akawa mwekundu. Msimamizi wa ulingo akaja mbio. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mfanyakazi wa Doreen anajaribu kumlainisha jaji. Wakati huo mbwa alikuwa ulingo wa jirani, anasalimiana na mbwa wa aina ya pudo.

Tulipofika garini Doreen aliniambia maneno ambayo nilidhani nimeyaelewa. "Mwakio, nje ya kamba ile ya ulingo mwinamie yeyote umtakaye. Ndani ya kamba hakuna mzee, hakuna mama, hakuna rafiki. Ndani kuna mabega na mapaja na miguu. Basi."

Mabega, ndiyo. Mnapomtazama mbwa mnaona uso. Kila mtu anaona uso, na wauza mbwa wa mtandaoni wanaipiga picha hiyo sura na miwani ya jua juu yake, mnalipa. Mimi nilifundishwa kuanzia begani. Mwenye bega zuri, mfupa wake wa juu umelala kuelekea nyuma, hivyo mguu wa mbele unafika mbali na anakimbia kutwa nzima bila kuchoka. Mwenye bega lililosimama wima hupiga hatua fupi, miguu inagonga ardhi kila hatua, na akifika umri wa kati viungo vya mbele vimeisha. Na kasoro hiyo wanairithi watoto, ndiyo ubaya wake. Seta ana manyoya mengi kifuani, na mtu mjanja wa mkasi anaweza kulificha bega baya hata jicho la jaji lisilione. Linaonwa na vidole tu. Kidole kimoja juu ya ncha ya mfupa wa bega, kingine mbele kwenye kona yake, cha tatu kwenye kiwiko. Hizo pande mbili zitoshane, na kona iliyo kati yake isifunguke sana.

Doreen alinifundisha hivyo kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa nacho kimoja cha mistari ya buluu. Kila siku baada ya chai ya saa nne alinifunga macho kwa kitambaa hicho, akaniketisha kwenye kibao, akawaleta mbwa mmojammoja.

"Huyu nani?"

"Rosie."

"Bega?"

"Zuri, Mama."

"Usiseme zuri. Zuri ni neno la kadi ya kuzaliwa. Limelala au limesimama?"

Miezi mingi hivyo. Nikimkosea mbwa, ananirudisha mwanzo. Nilichukia. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimekaa kwenye kibao Bringelly nimefungwa kitambaa chenye harufu ya siagi. Lakini ilifika siku niliwajua wote kumi na wanne kwa kuwagusa tu, na mabega yao, na ya mama zao. Nikajua nina kitu mikononi ambacho watu wachache wanacho.

Mwanamke huyo alitutendea mengi. Wakesho alipokuwa anasomea upya unesi, maana vyeti vyake vya nyumbani hawakuvikubali, Doreen ndiye aliyekaa na binti yetu siku za darasa. Mtoto alijifunza kutembea akiwa ameshika mkia wa seta. Doreen naye kwa mtoto alijifunza maneno yetu mawili matatu, hasa neno chai. Baadaye nilipotaka kusomea ujaji, yeye ndiye aliyenisukuma. Nikaacha kazi kwake, nikaajiriwa kwenye hoteli ya mbwa, nikasoma miaka, nikafanya mitihani ya aina moja ya mbwa baada ya nyingine. Nilipopasi alinitumia kofia. Hakuandika chochote, kofia tu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Uwanja mpya wa ndege ulishatangazwa upande ule wa Bringelly, na madalali wa ardhi walikuwa wanagonga kila geti. Doreen alikuwa amebaki na mbwa watatu. Nilijua vidole vyake vimeanza kusumbuliwa na baridi yabisi, lakini sikujua kwa kiasi gani, kwa sababu nilikuwa simtembelei kama nilivyopaswa. Shifti, kanisa, mitihani, sababu zilezile mnazonipa ninyi.

Niliitwa kuhukumu seta kwenye shoo moja ya huku magharibi mwa mji. Wakesho akatangaza kwenye kundi la WhatsApp. Jumuiya nzima ikaja, na viti vya kukunja, na sambusa, na kachumbari kwenye makontena. Jaji haonyeshwi majina ya walioingiza mbwa. Anaona mbwa wakiingia, basi. Wakaingia madume wanne wa Ireland, na wa nne alikuwa ameshikwa na Doreen mwenyewe.

Kanuni haikunizuia. Nilikuwa nimeacha kazi kwake miaka mingi, na mbwa yule sikuwahi kumwona. Baadaye ndipo nilijua jina lake la nyumbani: Chai. Alikuwa na rangi hasa, kichwa kizuri, macho ya huruma. Watu nje ya kamba walishusha pumzi walipomwona. Nikampapasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafika kwa Chai.

Kidole changu cha kwanza kilikaa juu ya mfupa wa bega. Cha pili kilikwenda mbele kutafuta kona, na kona haikuwapo ilipopaswa kuwapo. Nikarudia. Nikahamia upande wa pili nikarudia huko. Bega lilikuwa limesimama wima. Chini ya manyoya yote yale, yaliyokatwa kwa ufundi, bega lilikuwa limesimama kama mlango.

Nikainua macho. Doreen alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo mtu hamfanyii jaji ulingoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikaona uso umezeeka. Nikaona mikono imekunjika juu ya kamba ya mbwa. Nami, mtu wa Voi niliyelelewa vizuri, nikayasoma macho yale jinsi nilivyotaka: nikaona mama ananiomba nisimwaibishe mbele za watu.

Niambieni ninyi mngefanyaje. Mama aliyekutoa kiwandani, aliyekulelea mwanao, leo amekuja mbele yako na mmoja wa mbwa wake wa mwisho, na watu wako wote wanatazama. Nikampa Chai nafasi ya kwanza. Nikampa na ubora wa seta wote wa siku ile. Wakesho akapiga vigelegele, akina mama wakamjibu, wazungu wakageuka kutazama kumetokea nini. Nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia nimelipa fadhila, na nawaambieni sijawahi tena kuuamini moyo wangu unapojisikia vizuri namna ile.

Baadaye nilimfuata Doreen garini kumsaidia kupakia. Utepe wa ushindi alikuwa ameuweka kwenye kiti, haujakunjwa.

Akaniuliza, "Bega lake. Lilikaaje mkononi mwako?"

Nikamjibu, "Liko sawa, Mama. Zuri kabisa."

Akanitazama kidogo. "Una hakika?"

"Hakika."

Akaitikia kwa kichwa, akawasha gari. Angalieni, nilisema "zuri". Nilitumia lile neno la kadi ya kuzaliwa, na yeye akaliacha lipite, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu aliniamini.

Kama miezi mitano hivi ilipita, akanipigia simu. Alikuwa ameuza shamba. Alikuwa anahamia kwenye nyumba ndogo ya ghorofani ambako mbwa mmoja tu anaruhusiwa. Baada ya shoo ile alikuwa amempandisha jike wake wa mwisho, mjukuu wa yule Rosie niliyemnyoa, kwa Chai. Watoto saba, wiki nane. "Njoo unichagulie atakayeendeleza ukoo," alisema. "Mmoja nitabaki naye, wengine waende kwa wafugaji."

Wiki nane ndio umri wa kumsoma mtoto wa mbwa. Kabla ya hapo ni donge tu, na akishapita hapo anaanza kunyooka kila kiungo kwa wakati wake, anakudanganya mpaka akomae. Wiki nane mifupa inakuonyesha mtu mzima atakavyokuwa. Nilikwenda na karanga za kuchoma alizozipenda. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Watoto wa mbwa walikuwa kwenye zizi dogo la mbao jikoni, wakibiringika, na Doreen amekaa kwenye kiti kando yao. Akanionyesha vidole vyake. Havikufunguka. Hata kikombe alikishika kwa viganja viwili.

Nikamchukua wa kwanza, nikamweka mezani. Bega limesimama. Wa pili limesimama. Wa tatu. Nikamrudisha wa tatu zizini polepole kuliko ilivyohitajika.

"Vipi?" Doreen akauliza.

Ningeweza kusema liko sawa. Nataka mlijue hilo, kwa sababu mnaniona mtu mgumu. Neno lilikuwa kwenye ulimi tayari, tamu, laini.

"Mama," nikasema, "mabega yamesimama. Na la baba yao limesimama. Nililigusa siku ile nikalijua."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Jokofu lilikuwa linanguruma, watoto wa mbwa wananyonyana masikio.

"Nilimpeleka kwako kukuuliza," akasema mwishoni. "Unadhani nilitaka utepe? Nina sanduku la tepe, zitatupwa Jumanne. Vidole vyangu vilishakufa, Mwakio. Nilimshika mbwa yule nikahisi kitu, sikujua ni bega lake au ni mikono yangu. Sydney nzima kulikuwa na mikono miwili tu ninayoiamini. Nikalipia kiingilio, nikasimama juani, nikakuuliza."

"Nilidhani nakuheshimu."

"Heshima ilikuwa yako wewe, watu wako wakikupigia makofi. Mimi nimebaki na watoto saba."

Ndugu zangu, nililia, mtu mzima na mvi zangu, jikoni kwa mwanamke wa watu, mfuko wa karanga mkononi. Nililia kwa aibu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe.

Doreen aliinuka. Akatafuta kwenye maboksi mpaka akakipata kitambaa, kile cha mistari ya buluu, kimechakaa. Hakuweza kufunga fundo. Akanipa nikajifunga mwenyewe. Akakaa na daftari, kalamu ameibana kati ya viganja viwili.

"Anza upya," akasema. "Wote saba."

Nikaanza upya. Gizani ndani ya kitambaa nikamchukua mmoja baada ya mwingine, nikasema kwa sauti. Limesimama. Limesimama. Limesimama. Nilisikia kalamu ikikwaruza polepole baada ya kila neno. Watano walikuwa hivyo, na hao walikwenda kwenye nyumba za watu kama mbwa wa kupendwa tu, na kwenye hati zao akaandika wasizalishwe. Kwa wenye jike waliokuwa wanapanga kumtumia Chai alipiga simu mwenyewe, mmojammoja, akawaambia utepe ule wausahau. Alinitaka nikae pale nisikilize.

Wa sita alikuwa dume, bega lake si baya, si la kusifia. Nikasema hivyo. Akaandika.

Wa saba alikuwa jike mdogo, ananing'ata kidole gumba. Nikaweka kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mfupa ulikuwa umelala nyuma kabisa, kama wa Rosie. Nikahesabu mara mbili kabla ya kufungua mdomo, maana sikuwa na haki tena ya kukosea.

"Limelala, Mama."

Kalamu haikusikika.

"Mama? Huyu bega lake limelala."

"Rudia," akasema.

Nikampapasa tena. Nikamwambia tena. Hakuandika. Akaniambia nimgeuze, nianze upande wa pili. Nikamgeuza, nikaanza upande wa pili. Mara ya nne ndipo nilisikia kalamu.

Jike yule alibaki naye, na anaishi naye mpaka leo kule ghorofani. Alinisamehe, au anasema hivyo. Mimi humpelekea karanga kila mwezi, sasa nazisaga kwanza kwa ajili ya meno yake. Tunakunywa chai, tunawasema watu. Lakini hata nikimwambia leo hali ya hewa ni nzuri, au Wakesho anakusalimia, au mbwa wako ana afya, Doreen ananiangalia kwanza. Kisha anasema, "Rudia."

Nami narudia.